Mashine ya moshi lokesheni: maswali mnayoniuliza kila siku, Mbeya hadi Iringa

Wadau, nimechoka kujibu kitu kilekile mara ishirini kwa wiki, kwahiyo nimeyakusanya hapa maswali ya watu wanaokuja kukodi mashine ya moshi kwangu, wa video za kwaya, wa bongo fleva, wa harusi, na wale vijana wa filamu fupi ambao bajeti yao yote ni nauli na chipsi. Mimi si daktari wala si mtu wa zimamoto, ni mtu wa taa tu ambaye rimoti ya smoki imenikaa mkononi miaka sasa. Na kwa nilichokiona mashine yenyewe mara chache inaleta balaa. Balaa linaletwa na kile watu wanachomimina ndani yake, na hii baridi yetu inayofanya kila mtu afunge dirisha.

Mbona nikodi mashine wakati Tukuyu ukungu ni wa bure?

Siku nyingine kweli usikodi. Tukuyu, Kitulo, Makete, njia ya Njombe alfajiri ya mwezi wa sita, ukungu wa kumwaga. Shida yake haukungoji. Teki ya kwanza upo mzito, ya tatu jua limetoka, afu kwenye kuediti mtu anaongea sentensi moja nusu yupo mawinguni nusu yupo mchana kweupe. Mashine inakupa moshi uleule teki ya kwanza mpaka ya kumi, ndo unacholipia.

Kwani ule ni moshi kweli?

Hapana, hakuna kinachoungua pale, au tuseme hakitakiwi kuungua. Ndani kuna chuma kinachopashwa moto na hita, pampu inasukuma maji maalum kwenye hicho chuma, yanageuka mvuke, yakitoka mdomoni yanakutana na hewa ya baridi yanakuwa vitone vidogo sana vinavyoelea, na ndo unachokiona. Hayo maji maalum ni maji safi yaliyochanganywa na glaikoli, mara nyingi propilini glaikoli au traiethilini glaikoli, au na gliserini. Kuna na heza, mashine ya aina nyingine, yenyewe inatoa kitu chembamba kinachojaa chumba chote ili miale ya taa ionekane, ile unayoiona kwenye video miale inashuka dirishani kanisani. Baadhi ya heza zinatumia mafuta ya madini badala ya maji, hizo kuwa nazo makini zaidi maana yanachelewa kupotea hewani.

Una madhara kifuani au ni uzushi?

Inategemea kiasi na muda. Ukipita kwenye moshi dakika mbili ukakohoa kidogo, koo likakauka, hilo la kawaida, glaikoli inanyonya unyevu ndo maana koo na macho vinakauka. Anayepaswa kujali zaidi ni mtu kama mimi ninayeuvuta kila wiki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia kule Kanada walipima wafanyakazi 101 wa filamu, maigizo na matamasha, matokeo yakatoka 2005, wakakuta mapafu yao kwa wastani yanafanya kazi chini kidogo ya watu waliolinganishwa nao, na wanaokaa karibu zaidi na mashine ndo wenye dalili nyingi za kifua. Marekani chama cha waigizaji wa jukwaani, Actors' Equity, kimeweka kikomo cha glaikoli miligramu 40 kwa mita moja ya ujazo ya hewa, muda wowote ule. Sasa kipimo hicho hapa Mwanjelwa utakitoa wapi, kwahiyo mimi natumia macho: nikisimama ukutani nikashindwa kuuona mlango wa kutokea, moshi umezidi, nazima.

Na kumbuka tulipo. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya bahari, oksijeni unayoipata kwa pumzi moja ni pungufu kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na Dar. Msanii aliyeshuka jana Songwe na ndege anaimba huku anaruka, tayari anahema, afu wewe unamfungulia moshi usoni.

Mwenye pumu anaweza kushuti?

Uliza kabla, na usiulize mbele za watu. Nilijifunza kwa kwaya moja, sitaitaja, tulishuti ukumbini mwezi wa saba, nikauliza kwa sauti "kuna mwenye pumu?" kimya, kila mtu anaona aibu ataachwa kwenye video. Wimbo wa pili dada mmoja wa sauti ya kwanza akakaa chini, kumbe inhela anayo, kaiacha kwenye mkoba nje kwa mlinzi. Alipona, lakini tangu siku hiyo namuomba mwalimu wa kwaya aulize mmojammoja siku moja kabla, na inhela inakaa mfukoni mwa mwenyewe, siyo kwenye mkoba, siyo kwenye gari. Mwenye pumu msimamishe mbali na mashine karibu na mlango, au mshuti sini zake kwanza kabla sijawasha. Waimbaji kwa ujumla wanavuta pumzi ndefu kuliko mwigizaji aliyesimama tu, kwahiyo kwaya moshi unawaingia mwingi hata ukiwa mwepesi. Mwenye mafua au kifua, mjamzito, mtoto mdogo, mbuzi na kuku wa sini ya kijijini, wote hao mbali. Mtoto mchanga hapana kabisa, hata kama sini inasema Bethlehemu.

Maji ya moshi yameisha, niweke nini?

Hapa ndo niache niongee maana hili swali linakuja kwa namna kumi.

Kulant ya gari, HAPANA. Mtu anasoma chupa anaona "glaikoli" anasema si ndo ileile. Siyo. Kulant nyingi ni ethilini glaikoli, sumu ya figo. Ina ndugu yake inaitwa daiethilini glaikoli. Mnakumbuka zile dawa za kikohozi za watoto zilizohusishwa na vifo Gambia mwaka 2022? Shirika la Afya Duniani lilisema dawa zilikutwa na hizohizo mbili, daiethilini na ethilini. Majina yanafanana lakini propilini inawekwa mpaka kwenye chakula na hizo mbili zinaua, kwahiyo usinunue kitu kwa kusikia jina nusu.

Gliserini ya dukani, ile tunayopaka miguu isipasuke na baridi. Najua kuna watu wanachanganya na maji na moshi unatoka. Lakini nyingi zina manukato na rangi, hivyo vikipita kwenye chuma cha moto hujui umewavutisha watu nini. Na hata gliserini safi ikipashwa kupita kiasi inatoa akrolini, ndo ile harufu ya mafuta ya chipsi yaliyoungua, inachoma macho na koo balaa. Mashine imepangwa joto lake kwa maji yake, ukiweka maji mengine joto haliendani. Kwahiyo nunua yale ambayo mtengenezaji wa mashine kayataja, na kama chupa haina lebo, umeuziwa kwenye chupa ya maji ya kunywa na jamaa anakwambia "hii ni orijino kaka", rudisha.

Dizeli, mafuta ya taa, spiriti, hizo zinawaka. Hita ya moto na kitu kinachowaka, sina la kuongeza. Pafyumu ndani ya tangi ili "moshi unukie", hapana dada yangu, hata kidogo. Maji ya bomba yanajaza chokaa kwenye njia, mashine inaziba.

Kuna fundi ana ile mashine ya kupuliza mbu, moshi wake mwingi sana

Mwingi ndiyo, na ndani yake kuna dawa ya wadudu, mara nyingi imechanganywa na dizeli. Hiyo imetengenezwa kuua. Vilevile bomba la mgongoni la kupulizia viazi au kahawa, nimeona video moja ya Mbozi huko wamelitumia kutengeneza ukungu shambani, eti wameliosha. Wewe ungekunywa maji kwenye hilo bomba baada ya kuliosha? Sasa kuvuta ni zaidi ya kunywa, inaingia moja kwa moja. Ukitaka mvuke wa maji nunua bomba jipya ambalo halijawahi kuonja sumu na uliandike kwa maka pen "FILAMU TU".

Matairi? Jiko la mkaa lenye majani mabichi?

Tairi usichome, masizi na sumu, afu majirani wana haki ya kukuchukia. Majani mabichi nje kabisa uwanjani, kwa sini ya jikoni kijijini, mbali na nyasi, maji ndoo mbili pembeni, na waigizaji wakae upande upepo unakotoka, hapo naelewa, kisha mzime. Ndani ya nyumba usiingize jiko la mkaa kwa sababu yoyote, iwe moshi, iwe kuwapasha moto waigizaji kati ya sini. Huku kwetu kila msimu wa baridi tunasikia familia imelala na jiko haikuamka. Gesi ya mkaa, kaboni monoksidi, haina harufu, haina rangi. Lokesheni ya chumba kimeshafunikwa mapazia meusi kuzuia mwanga, kimeshazibwa kila upenyo, ukiweka jiko humo umetengeneza mtego.

Zile kopo za moshi wa rangi nazo ni za nje tu. Zinaungua kweli, zinakuwa za moto na zinaweza kuwasha nyasi kavu, na mwezi wa tisa huku nyasi zote ni petroli.

Maharusi wanataka kucheza juu ya mawingu, barafu kavu ni salama?

Inapendeza kweli ila ndo ninayoiogopa kuliko zote, maana haichomi koo, haikohozi mtu vizuri, watu wanaona ni barafu tu. Barafu kavu ni kaboni daioksidi iliyogandishwa, baridi yake ni nyuzi 78 chini ya sifuri. Ukiishika mkono mtupu inakuunguza kama pasi. Ukiiweka kwenye chupa au chombo kilichozibwa itapasuka kama bomu, usijaribu hata kwa utani.

Lakini kubwa ni hewa. Kilo moja ikiyeyuka inatoa gesi kama lita 500 na zaidi. Piga hesabu na mimi: chumba cha mita tatu kwa nne, dari mita mbili na nusu, ni lita 30,000 za hewa. Ukiyeyusha kilo tano madirisha yamefungwa, gesi ni zaidi ya lita 2,500, yaani asilimia 8 au 9 ya chumba. Kiwango kinachohesabiwa ni hatari ya papo hapo kwa uhai ni asilimia 4. Na gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatandaza chini, kwahiyo aliyelala sakafuni kwenye sini ya kifo, mtoto, na kameramani aliyepiga magoti ndo wanaipata ya kwanza.

Watu wa Rungwe hili hawahitaji kuelezwa sana. Upande wa mlima Kyejo gesi hiyohiyo inatoka ardhini yenyewe, inavunwa kibiashara mpaka inaingia kwenye soda, na kwenye vibonde ambako inajikusanya wadudu na ndege wanakutwa wamekufa bila kidonda. Ukumbi wako ukiufunga unakuwa kibonde hicho.

Kwahiyo: ukumbi mkubwa, milango wazi pande mbili, vipande vichache, hakuna mtu wa kulala chini, glavu nene, na kwenye gari isafiri madirisha yakiwa wazi hata kama Uyole kuna baridi ya kukata masikio. Mtu akianguka kwenye hayo mawingu usimkimbilie ukainama kabla milango haijafunguliwa, mtakuwa wawili.

Kama unataka tu moshi unaotambaa chini, kuna njia rahisi: pitisha moshi wa mashine ya kawaida kwenye kuliboksi yenye barafu ya maji, ukitoka umepoa unakaa chini. Siyo mzuri kama ule, lakini bibi harusi anaupenda tu. Ila kumbuka waya hazionekani chini yake, wala ngazi, bandika tepu na umwonyeshe bwana harusi ukingo wa jukwaa kabla.

Nikifungua madirisha si moshi wote utatoka?

Utatoka, ndiyo, na ndo kazi yake. Kila mtu ananiambia "acha paive kwanza". Ratiba yangu ni hii: nazima feni, jaza, subiri utulie, teki mbili au tatu, afu milango yote wazi dakika kumi watu wote nje wanywe chai. Chai siyo anasa, bila chai hakuna mtu atakayetoka kwenye baridi ya Mafinga saa moja usiku. Mweleze dairekta mapema ili aingize kwenye muda. Pia usijaze kwa ajili ya mazoezi, fanyeni mazoezi hewa ikiwa safi. Na ukweli ambao wengi hawaujui, moshi kidogo wenye taa kali nyuma yake unaonekana kuliko moshi mwingi wenye taa ya mbele. Sogeza taa nyuma kabla hujaongeza moshi, hapo unaokoa na pesa.

Jenereta yangu ndogo itabeba?

Angalia wati. Mashine ya wati 1500 kwa umeme wetu wa volti 230 inakula kama ampea 6.5, ile jenereta ndogo ya wati 650 ya kinyozi itanguruma tu na kuzima, na taa zako zitazima nayo. Mashine ya wati 400 inaingia ila usiichanganye na taa kubwa kwenye laini moja. Ekstensheni nyembamba iliyozungushwa kama nyoka inapata moto, ikunjue yote. Kama mashine imeletwa na ndugu kutoka Marekani angalia nyuma kama imeandikwa volti 120, ukichomeka huku moja kwa moja utapata moshi wa kweli, mara moja tu. Na jenereta ikae nje mbali na dirisha, yenyewe nayo inatoa kaboni monoksidi.

Mashine niiweke wapi na nani aishike?

Mtu mmoja, siku nzima, siyo "yeyote aliye karibu". Huyo ndo anabonyeza, na huyo ndo ana haki ya kuzima hata kama dairekta anapiga kelele. Iweke sakafuni sehemu tambarare, isielekee uso wa mtu, acha angalau mita moja mbele ya mdomo, maana mara nyingine inatema matone ya moto na mdomo wenyewe unaunguza. Mbali na mapazia, mbali na makuti na nyumba za nyasi. Kizimamoto karibu. Chini ya mdomo sakafu inateleza, kwenye tailizi za ukumbi nimeona mcheza shoo akienda chini na viatu vya kisigino, kwahiyo futa kila baada ya teki chache.

Lenzi nazo zinashika utando, futa kila mapumziko.

Alamu ya moto na majirani?

Sensa ya alamu haijui kama wewe unatengeneza sanaa, kwenye lodji na kumbi mpya italia. Ongea na mwenye jengo kabla. Akikubali kuizima, basi iandikwe saa ya kuzima na saa ya kuwasha, na muda wote huo kuwe na mtu anayezunguka kuangalia moto wa kweli. Usiifunike na mfuko wa nailoni kimyakimya ukasahau. Waambie na majirani na mwenyekiti wa mtaa, vinginevyo mtu ataona moshi dirishani atapiga 114, zimamoto watakuja kwa haraka yao yote, na watakuwa sahihi.

Nataka moshi barabarani, gari litokee kwenye ukungu

Barabara ya umma inayopitisha magari, hapana. Malori ya Zambia yanashuka Mlima Nyoka au Kitonga hayana habari na filamu yako. Tafuta njia ya shamba, weka mtu pande zote mbili, na dereva apite taratibu.

Vibali?

Kushuti filamu ni Bodi ya Filamu, kazi ya kulipwa yenye wafanyakazi inaguswa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 chini ya OSHA, na Kitulo ni hifadhi ya taifa kwahiyo TANAPA kwanza. Ukienda kuomba waambie kabisa kuna mashine ya moshi, usije ukaonekana unaficha.

Mtu akianza kukohoa hasimami?

Zima, mtoe nje kwenye hewa, mkalishe wima, usimlaze. Kama ana pumu atumie inhela yake mwenyewe. Macho yakiwasha yaoshe kwa maji safi. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo ikabadilika rangi, au inhela haimsaidii, ni hospitali sasa hivi, gari la lokesheni liwe na dereva na mafuta tangu asubuhi. Na hata akipona asirudi ndani siku hiyo. Atakwambia yuko fresh. Wote wanasema wako fresh.

Tukimaliza mashine niifanyeje?

Zima, acha ipoe, usiibebe ikiwa ya moto wala usiitupe kwenye begi la nguo za waigizaji. Toa maji kwenye tangi kabla haijapanda bodaboda, yakimwagika kwenye waya ni hasara yako maana umesaini. Usiiwashe tangi likiwa tupu, pampu inaungua. Kama unakaa nayo wiki nzima iwashe kidogo kila siku mbili ili njia isizibe. Na ukinirudishia ikiwa inanuka pafyumu nitajua ulichofanya.